Kombora Aina ya Shangazi

Kevin Wangila, msomaji habari wa Redio Gunzi mjini Kitale, alikuwa na kiburi kimoja ambacho wenzake wote walikijua: hasomi Kiingereza hewani. Stesheni nyingine zichanganye lugha zipendavyo, shauri yao. Yeye akiletewa taarifa ya Kiingereza saa sita na nusu, ikifika saa saba mchana imeshakuwa Kiswahili kitupu, na kama neno halina Kiswahili atalitafutia. Hivyo ndivyo alivyojichimbia shimo Jumanne ile, bila hata kushika jembe.

Taarifa yenyewe ilikuwa ya vita vya ng'ambo. Kevin akaivamia kwa ile sauti yake ya kifuani, sauti ambayo nyumbani haitumii hata kidogo. "Makombora kadhaa ya kruzi," akasoma, "yamefyatuliwa alfajiri ya leo kutoka kwenye meli za kivita." Akaendelea na bei ya mahindi, akamaliza na hali ya hewa, akajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyeshiba.

Simu zikaanza kuita. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Saboti, sauti inatetemeka. "Halo? Hiyo krusedi imepigwa bomu ni ya kanisa gani? Kwa sababu yetu iko Jumapili na hema tumeshalipia."

Kevin hajammaliza huyo, akaingia mwanamume wa Lwakhakha. Yeye alitaka kujua kama kweli Landi Kruza inaweza kurusha kombora. "Ya mjomba yangu hata mlima haipandi bila kusukumwa, bana. Sasa hiyo ingine inarusha bomu na nini?"

Upande wa pili wa kioo, Jerono, fundi wa mitambo, alikuwa amelalia meza kwa kicheko. Alipopata pumzi akabonyeza kitufe cha kumsemesha Kevin sikioni. "Wafafanulie, Kevo, kabla watu hawajang'oa mahema."

Basi Kevin akafafanua, na tusimnyime haki yake, alifafanua vizuri. Kombora la kruzi, alisema, ni kama ndege ndogo isiyo na rubani wala nia ya kurudi. Lina mabawa mafupi na injini inayolisukuma safari nzima, na tumboni limebeba baruti. Kuna makombora mengine yanayotupwa juu kabisa angani, kama jiwe unalolirusha upande wa pili wa paa, nayo yakishapanda yanashuka kwa kishindo na huonekana yangali mbali. Hili la kruzi haliendi juu. Linapita chini chini, linafuata mabonde, linakwepa vilima, chini ya macho ya rada. Linaongozwa na setilaiti na ramani liliyobebeshwa, kwa hiyo linaweza kukata kona. Litumwe kutoka melini, kwenye nyambizi, kwenye ndege au kwenye lori, linaweza kusafiri mbali kuliko kutoka Kitale hadi Mombasa, na likifika halitafuti mji wala mtaa, linatafuta dirisha. Ndiyo maana majeshi makubwa hulituma siku ya kwanza ya vita, kubomoa rada na viwanja vya ndege na ofisi za makamanda, kabla hawajahatarisha roho ya rubani hata mmoja.

Simu ikaita. "Umesema vizuri sana, mwalimu," mzee mmoja akamwambia kwa upole. "Lakini sijaelewa."

Hapo ndipo Kevin alipotoka nje ya barabara. Angesema ni kama popo, au kama mwewe, yakaisha. Lakini mtu akiwa na kipaza sauti mbele yake na fundi anayecheka nyuma ya kioo, akili humruka.

"Basi niwaambie hivi," akasema. "Kuna shangazi mmoja wa huko Tongaren. Huyu akitaka kutembelea ndugu zake Bungoma hapigi simu. Angepiga, si wangefunga nyumba waende zao? Gari linamshusha kituo cha nyuma, kwa sababu kwenye kituo chenyewe kuna watoto watakaokimbia kutoa habari. Anaingia kwenye mahindi. Anapita chini chini, anafuata mto, anazunguka kwa jirani, anakata kona kwa kanisa. Mbwa wenyewe hawabweki. Wewe umekaa hapo huna hili wala lile, macho yako barabarani, ndiyo tu umefunua sufuria ya kuku, mara unasikia nyuma yako, 'Hodi!' Ameshafika. Na hakosei nyumba, hakosei chumba, hakosei paja. Hilo, wasikilizaji, ndilo kombora la kruzi."

Simu zote zikawaka kwa pamoja. Mzee yule yule alipiga tena kusema sasa ameelewa kabisa, na kwamba yeye kwake yako mawili. Kufikia jioni watu wa sokoni Kitale walikuwa wameliacha jina la kruzi, wakalibatiza kombora aina ya shangazi. Na Kevin, kichwa kimemvimba, akalisoma hivyo hivyo kwenye taarifa ya saa moja, kwa sauti ya kifuani: "Makombora sita aina ya shangazi."

Siku mbili alitembea mjini kama bwana harusi. Ijumaa Nakhumicha akapiga simu.

Nakhumicha alikuwa anauza dawa za mifugo na mbegu katika duka moja la Bungoma, na Kevin alimpenda mpaka akawa anamsomea muhtasari wa habari kwa simu kila jioni, naye alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni mapenzi pia. Siku hiyo hakutaka muhtasari.

"Kevin, umefanya nini?"

"Sikutaja jina," Kevin akasema haraka, na kwa haraka hiyo akajifunga mwenyewe.

"Ulisema Tongaren. Ulisema anakata kona kwa kanisa. Ulisema kuku. Hiyo kuku nilikupikia mimi!"

Na ni kweli. Kevin alikuwa amekwenda kwa kina Nakhumicha mara tatu, na mara mbili kati ya hizo Shangazi Wilkista alitokea jikoni mfuniko ukiwa bado mkononi. Kisa chenyewe alikuwa amewasimulia marafiki wakacheka, akaona kinafaa hewani.

"Jana usiku alikuwa kwa maombi ya kanisa lao," Nakhumicha akaendelea. "Akasimama kusalimia watu, vile yeye husalimianga. Kijana mmoja huko nyuma akasema, 'Laleni chini!' Kanisa yote ikacheka. Hata pasta aliangalia juu kwa paa. Shangazi akakaa, Kevin. Hakusalimia."

"Na kesho unakuja kwetu," Nakhumicha akamalizia, sauti imeshuka. "Unajua baba hawezi kusema ndiyo kama yeye hajasema. Akikataa, hata kiti hautapewa."

Hilo Kevin alilijua. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya kujitambulisha, siku aliyoingoja miaka miwili. Mzee Sifuna, babake Nakhumicha, alikuwa mtu mpole aliyefanya maamuzi yote ya nyumba yake baada ya dadake mkubwa kuyafanya kwanza. Tangu mke wake afariki, hakununua hata ndama bila Wilkista kumtazama meno. Sasa Wilkista ndiye angemtazama Kevin.

Asubuhi wakatoka Kitale, Kevin na mjomba wake Barasa, msemaji wa ukoo, mtu aliyeweza kumsifia ng'ombe aliyekonda mpaka mwenye ng'ombe akaghairi kuuza. Barasa alikuwa amevaa koti lake la mazungumzo na alikuwa na amri moja.

"Tukifika, wewe nyamaza. Hiyo mdomo yako imeshaongea ya mwaka mzima."

Mzee Sifuna aliwapokea vizuri. Akauliza habari za mvua ya Kitale, akauliza kama mahindi yamewekwa mbolea ya pili, akauliza habari za mvua tena. Chai haikuja. Kuku alinukia jikoni, lakini naye hakuja.

"Dada yangu hajafika," Mzee Sifuna akasema mwishowe, akitazama viatu vyake.

Kevin alikuwa amejichagulia kiti kinachoelekea getini. Safari hii, alijiambia, hatashtukizwa. Atamwona angali mbali, atasimama, atatembea hatua kadhaa kumpokea, atampokonya mkoba kwa heshima na kuomba msamaha kabla hajavuta pumzi. Alikuwa ameipanga sentensi yake vizuri, na haikuwa na neno kombora hata moja. Akalikazia geti macho mpaka yakamtoka machozi.

"Mgeni anaangalia geti kama askari," sauti ikasema nyuma yake. "Kwani amepoteza ng'ombe?"

Kevin alisimama, akakaa, akasimama tena. Shangazi Wilkista alikuwa katikati ya mlango wa jikoni, mwanamke mfupi mwenye sweta jekundu, majani ya mahindi yamemshika mabegani. Nyuma yake Nakhumicha alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha sufuria, na Kevin hakuweza kujua kama analia au anacheka.

Shangazi akakaa. Akatoa majani begani, moja moja, akayaweka mezani. Barasa akakohoa kikohozi chake cha kufungulia mazungumzo.

"Mama yetu, huyu kijana wetu, pamoja na makosa yake madogo..."

"Barasa, ngojea kidogo." Hakupandisha sauti. "Wewe ndio ule wa ledio?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Nieleze hiyo kombola. Mimi sikusikia mzuri. Watu walikuwa wanacheka."

Ile sentensi aliyoipanga Kevin ikayeyuka. "Kombola," akaanza, nayo miaka mitatu ya kuinyoosha ile 'r' yake, isitoke kama 'l', ikaenda na maji, "kombora, Shangazi, ni kama ndege. Inaenda chini chini. Haikosei."

"Ule mwenye kutuma anakuwa wapi?"

"Mbali. Kwa meli, ama kwa chumba fulani."

"Anajua nyumba?"

"Anajua. Ako na picha yake kutoka juu."

"Na watu wenye wako ndani?"

"Hao... hao anaambiwa."

"Anaambiwa." Shangazi akaligeuza neno hilo kana kwamba ameokota jiwe kwenye mchele. "Na wakikuwa si wale aliambiwa?"

Jibu la hapo Kevin alilijua kwa moyo, maana alikuwa amelisoma mara nyingi, kwa kawaida kabla tu ya habari za michezo. "Wanasema wanachunguza."

"Na yeye anaendanga kuona?"

"Haendi, Shangazi. Hiyo ndiyo faida yake."

Alipolitamka tu neno faida, alitamani kulirudisha mdomoni. Hewani lilikuwa neno zuri. Hapa sebuleni, mbele ya huyu mama, lilinuka.

"Mimi naenda," Shangazi Wilkista akasema. "Mama ya huyu msichana alikufa huyu akiwa mdogo hata viatu hajui kufunga. Ndugu yangu alikuwa kazi, asubuhi mpaka giza. Wenye kupika walikuwa wanabadilika tu, leo huyu, kesho ule. Mimi nikipiga simu ati nakuja, mtoto anawekewa nyama, ananyolewa, anavaliswa nguo ya kanisa. Nikirudi Tongaren nalala vizuri. Halafu siku moja nikasahau kupiga." Akalisogeza jani moja la mahindi mezani. "Nikapata anakula ukoko ya jana, na kuku iko kwa sahani ya mwingine. Ndio nikajua kupita kwa mahindi. Nilikuwa nataka kufika kabla sahani haijabadilishwa."

Mzee Sifuna hakuinua macho. Nakhumicha alikuwa ameondoa kitambaa mdomoni, na sasa ilijulikana wazi kwamba halikuwa suala la kucheka. Kevin aliona haya mpaka masikio yakawa moto. Alikuwa amemfanya mama huyu mlafi mbele ya kaunti mbili, na kumbe hakuwa na haja na kuku hata kidogo.

"Sasa wewe ulikaa Kitale kwa chumba chako," Shangazi akasema. "Ukatuma. Haukukosea hata kidogo, ulinipata katikati ya kanisa. Ulikuja kuona?"

"Sikukuja, Shangazi."

"Basi hiyo kitu si shangazi. Hiyo kitu ni wewe."

"Nisamehe, Shangazi," Kevin akasema. Ilitoka bila sauti ya kifuani, sauti nyembamba tu ya kwao, na huenda ndiyo iliyomwokoa.

Shangazi alimtazama muda mrefu. Halafu pembe moja ya mdomo wake ikasogea, na Barasa, aliyewasoma watu maisha yake yote, akajiweka sawa kwenye kiti kwa kuwa aliona balaa linakuja likiwa na tabasamu.

"Jina yako yote ni nani?"

"Kevin Wangila."

"Wangila hapana. Hiyo ni ya babu yako, na yeye amelala kwa amani, hajakosea mtu. Na hiyo Kevin, mlirithi kwa nani?"

"Hata hakuna," Barasa akadakia. "Ilitoka tu kwa hospitali. Nesi ndio alisema inapendeza."

"Basi haina mwenyewe," Shangazi akasema. "Tutatumia hiyo. Kuanzia Jumatatu, kwa ledio, ni kombola aina ya Kevin. Useme mwenyewe, na ile sauti yako ya ng'ombe dume. Useme hivyo mpaka siku ya harusi. Ukiruka siku moja, na harusi inaruka."

Ikachukua muda kidogo kabla neno harusi halijawafikia wote. Nakhumicha ndiye lililomfikia kwanza, akapiga kigelegele kilichowaamsha mbwa wa jirani. Mzee Sifuna akapumua kama gunia lililofunguliwa kamba, akaita chai, akaita na kuku. Shangazi ndiye aliyepakua. Kevin aliwekewa shingo, akaila yote, na hajawahi kula nyama iliyomwenda tumboni kwa shukrani kama ile.

Jumatatu saa saba akatimiza ahadi. Aliwaambia wasikilizaji kwamba jina alilolitoa wiki iliyopita lilikuwa kosa lake. Kwamba shangazi yule huja mwenyewe akaona kwa macho yake, ilhali kombora hutumwa na mtu aliyekaa mbali asiyemwona anayempiga. Na kwamba yeye Kevin alikuwa amekaa mbali hivyo hivyo. "Kuanzia leo," akasema, "ni kombora aina ya Kevin."

Kitale nzima ikafa kwa kicheko. Mmoja akapiga kuuliza yeye Kevin ni wa masafa marefu au mafupi. Mwingine akataka kujua kama anafyatuliwa kabla au baada ya kula. Mama wa Saboti, aliyekuwa amemaliza krusedi yake salama, alimwombea hewani ili asilipuke kabla ya ndoa. Tongaren, Nakhumicha alimpigia kumwambia, Shangazi alikuwa ameiweka redio dirishani na sauti juu, na majirani wamejaa uani, na Kevin alipomaliza kusoma, Shangazi aliwasalimia wote, mmoja mmoja. Kevin alicheka na waliomcheka. Aliona amepona kwa bei rahisi.

Jumatano taarifa ilichelewa. Ilimfikia zikiwa zimebaki dakika chache, akaitafsiri kwa mazoea ya vidole, penye kruzi akaweka jina lake, akaingia hewani bila kuipitia mara ya pili. Nyuma ya kioo Jerono alikuwa tayari, mkono mdomoni, akingoja kicheko cha siku.

"Makombora manne aina ya Kevin," akasoma kwa sauti ya kifuani, "yameanguka alfajiri ya leo katika jengo la makazi."

Jerono akacheka. Kevin naye alikuwa anatabasamu alipoiendea sentensi ya pili, sentensi ya namna aliyokuwa ameisoma labda mara mia bila kujikwaa hata herufi moja.

"Miongoni mwa waliouawa na makombora hayo ni mwanamke mmoja na watoto wake watatu, waliokuwa..."

Akasimama. Neno lililofuata lilikuwa pale kwenye kompyuta, Kiswahili safi, amelitafsiri mwenyewe dakika chache zilizopita. Akalitazama. Akarudisha macho nyuma, kwenye jina lake mwenyewe, akalitazama nalo.

Wasikilizaji wakadhani mtambo umekatika, wengine wakaanza kugongagonga redio zao. Jerono alijua haujakatika, maana kwenye vipokea sauti vyake alikuwa anamsikia Kevin akipumua.